Ramani Iliyozika Barabara

Hapa Lubumbashi mtu akifa, barabara nayo inafungwa. Wafiwa wanatandaza turubai kutoka ukuta wa huku hadi ukuta wa kule, wanapanga viti vya plastiki katikati ya njia, wanasimika matawi ya mchikichi pande zote mbili, na gogo kubwa linawaka mbele ya mlango usiku na mchana. Hicho ndicho kilio. Ukija na gari unageuza, hata uwe nani. Mimi silalamiki. Nimekalia viti hivyo mara nyingi kuliko viti vya kanisani, na siku yangu ikifika nataka njia yetu ifungwe vizuri, kwa turubai jipya, si lile la jirani lenye matundu. Ninachosema ni kwamba kabla ya Kulthumu na kompyuta yake, barabara zilifungwa na kufunguliwa na hakuna aliyepata hasara. Kisha akaja yeye na ramani, na ilibaki kidogo tuuzike mtaa mzima wa Kampemba.

Naona nimeanza na lawama. Basi niseme mapema kwamba msichana huyu nampenda, msije mkaniona mwenye roho mbaya.

Naitwa Marie-Thérèse na kazi yangu ni simu. Depo ya Patron Nzanzu inapeleka oksijeni kwa wagonjwa. Nzanzu ni mtu wa Butembo, alifika huku na lori la viazi na maharage, akafungua ghala la jumla, akatajirika polepole kama watu wa kwao wanavyojua kutajirika. Mwaka wa korona aliona watu wanakufa kwa kukosa hewa, akanunua mitungi ya chuma na pikipiki zenye vyuma vya kuibebea nyuma. Tangu hapo anapeleka kwenye vituo vya afya, na kwa wagonjwa walio nyumbani. Mgonjwa akikosa mtungi anapiga simu, na anayepokea ni mimi. Nzanzu hasikii watu wakihema kwenye simu. Mimi nasikia.

Mmoja wao ni Papa Élie wa Avenue Masuku, Kampemba. Maisha yake yote aliyatumia mbele ya tanuru za shaba, na shaba ikamlipa kwa kumharibu mapafu. Mke wake, Mama Émerance, anauza mkaa na kumwangalia. Kila Jumanne na kila Ijumaa wanapata mtungi mpya, kwa sababu ule wa kwanza unakuwa umefika chini kabisa. Asubuhi ukichelewa anaanza kuhema. Mchana ukichelewa haongei tena. Kwa hiyo katika maneno yote nitakayosema hapa, kumbukeni mtungi wa Papa Élie. Mengine ni maelezo.

Kulthumu ni binti wa Fundi Aruna, mshonaji wa karibu na soko, Waislamu wa Maniema wa tangu na tangu. Amesomea mambo ya kompyuta, ana mdomo mdogo na kichwa kigumu. Ukimwambia jambo haliwezekani hakujibu, anakutazama kwa adabu mpaka umalize, kisha anakwenda kulifanya. Nzanzu alimwajiri kwa sababu waendeshaji walikuwa wanapotea. Kiangazi chote cha mwaka wa kwanza akakaa nyuma ya pikipiki ya Chadrack, mwendeshaji wetu wa zamani, simu mkononi, kitambaa cha kichwa kimekuwa chekundu kwa vumbi, wakipita njia moja baada ya nyingine. Jioni anarudi na kuyaingiza yote kwenye kompyuta. Nilimwambia atapata kikohozi. Akapata. Akaendelea.

Mimi nilidhani ramani ni picha. Siku moja tulipokuwa tunakula mikate ya mafuta nikamwambia picha yake ni nzuri, akacheka hadi akapaliwa.

"Haiko picha, Mama," akasema. "Ni bintu bimepangwa. Kila kintu na fasi yake."

Akanieleza, na kwa mara ya kwanza mtu wa kompyuta alieleza nikaelewa. Kila barabara imeandikwa mara moja tu. Nyumba hazibebi barabara. Kila nyumba inasema tu kwamba mimi niko kwenye ile pale. Jina la barabara likibadilika, na huku kwetu majina yanabadilika kila anapoingia mkubwa mpya, unalibadilisha mahali pamoja na nyumba zote zinafuata. Tena mji wote ameukata miraba. Simu ikitafuta nyumba ya Kampemba haihangaiki na Katuba, inaingia kwenye mraba wake tu, kama mtu anayetaka dagaa anavyokwenda moja kwa moja kwenye safu ya dagaa bila kupitia kwenye viatu. Na kitu kikibadilika, kompyuta haitumi ramani nzima upya. Inatuma kile kilichobadilika peke yake, na kinaingia kwenye simu kabla mwendeshaji hajafunga kofia yake. Hapo ndipo waendeshaji walipompenda, maana ramani waliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa inawamalizia mega zote za intaneti kabla ya saa sita.

Kwa hiyo alikuwa anajua kazi. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, alitaka ramani iwe nyepesi kuliko ilivyohitaji kuwa. Kila kisichotumika kitoke! Akawawekea waendeshaji kitufe. Ukikuta njia haipitiki, bonyeza, nayo inafutwa kwenye ramani ya wote. Alifikiria makorongo ya mvua, madaraja yaliyobebwa na maji, na wale wenye pesa wanaojenga ukuta katikati ya njia ya watu. Kilio hakukifikiria. Na huyu amezaliwa Kampemba! Labda ndiyo sababu. Jambo unaloliona kila wiki hulioni tena.

Bila shaka mnaona kinachokuja. Waendeshaji walikuta turubai, wakabonyeza. Juni na Julai baridi yetu inabeba wazee, kila wiki kuna turubai mpya, na vidole vya waendeshaji havikupumzika. Wafiwa wakimaliza wanakunja turubai, wanafagia majivu, watoto wanarudi kucheza mpira njiani. Kwenye ramani njia hairudi. Imekwenda na marehemu. Na nyumba zake zote zinabaki zikisema mimi niko kwenye ile pale, na ile pale haipo tena.

Hatukugundua kwa sababu Chadrack ndiye aliyekuwa anapeleka Kampemba. Amezaliwa humo, na simu ikimdanganya anaitukana na kuendelea.

Ijumaa moja ya Agosti Chadrack alipelekwa Lukafu na mitungi ya kituo cha afya cha huko, safari ya kulala. Kampemba akapewa Merdi, kijana mpole aliyehamia mjini kutoka Mokambo, ambaye anajua mpaka wa Zambia vizuri kuliko mji wetu. Aliondoka asubuhi. Saa nne simu ikalia.

"Mama Marie-Thérèse," ilikuwa sauti ya Mama Émerance, "bouteille ya hewa haiyafika."

Nikamwambia iko njiani. Saa tano akapiga tena.

"Mama, eko anahema."

Nikampigia Merdi. Akajibu kwa furaha, masikini, kama mtu aliyefika.

"Niko pa Avenue Masuku, Mama, mais bantu ba huku habamujue Papa Élie."

"Uko Masuku ya wapi?"

"Ya Ruashi."

"Ruashi! Nani alikuambia Ruashi? Papa eko Kampemba!"

"Shi niliandika Kampemba, Mama. Ikasema Masuku ya Kampemba haiko. Ikanileta ku hii."

Sitaandika nilichomwambia. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini hawa vijana ukiwapa simu yenye ramani wanadhani kuuliza ni dhambi. Nikamwongoza kwa mdomo, kama zamani: toka hapo, fuata barabara kubwa, ukiona kanisa la paa la bluu pinda, ukiona mama wa mkaa uliza. Sikio moja nilimpa yeye, la pili nilimpa Mama Émerance, ambaye hakuwa anasema kitu tena. Alikuwa ameweka simu karibu na kitanda, na niliyekuwa namsikia ni Papa Élie, akivuta hewa ndogo, kisha kimya, kisha akivuta nyingine. Kulthumu alisimama nyuma ya kiti changu.

Merdi alifika. Papa Élie alipona, lakini kucha zake zilikuwa zimeshaanza kuwa za bluu.

Jumatatu Mama Émerance akaja depo. Nilijiandaa kutukanwa, na ningemruhusu. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Akakataa kiti.

"Mie sikukuya na kelele," akamwambia Kulthumu. "Nilikuya kuuliza tu. Nyumba yangu iko. Mulango iko. Mie na papa tuko. Juu ya nini mulitutosha mu ramani?"

Mama Émerance akakaza kitenge chake, akashukuru, akaondoka. Kama angetupa kiti dirishani ingeuma kidogo kuliko vile.

Nzanzu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Yeye si mkali, ila amezoea biashara ambayo gunia la viazi likioza linatupwa.

"Kulthumu, ile kintu yako tosha mu ba téléphone," akasema. "Ba chauffeurs batauliza ku njia, sawa zamani."

"Patron, unipatie siku kidogo."

"Mpaka rentrée. Batoto bakirudia ku masomo na bado haiko sawa, naitosha mie mwenyewe."

Kwa Papa Élie aliamuru Chadrack peke yake ndiye apeleke, akiugua tumwombe Mungu. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yetu, mtu mmoja mwenye pikipiki moja.

Mchana ule Kulthumu aliweka kwenye kompyuta ramani ya mwanzo, ile aliyokuwa ameitengeneza kwa kikohozi, na juu yake akalaza ile iliyokuwa kwenye simu. Kilichopotea kikajitokeza kwa rangi nyekundu. Mama yangu! Kampemba ilikuwa imejaa mikwaruzo. Akaninong'oneza kwamba hajui kwa nini, kwamba hakuna mvua Julai, madaraja yote yako. Nikasogeza kiti na miwani yangu.

"Hii ni wapi?" nikamuuliza, nikigusa mstari mmoja.

Akataja.

"Pale kulikuwa kilio ya mama wa choir. Nilikula bukari pale. Na hii?"

Akataja.

"Kilio. Balizika ule mwalimu wa hesabu. Na hii iko Masuku? Ah! Ule koko, bibi mwenye kuuzisha kinywaji ya munkoyo, wa ku corner. Tulilala pale na baridi, magoti yangu ingali inanilaumu."

Tukaenda hivyo mstari kwa mstari, yeye akigusa na mimi nikizika. Tulipofika katikati alikuwa analia waziwazi. Alisema yeye ndiye aliyewapa kitufe, yeye ndiye aliyesema kila kisichopitika kitoke, na mtu nusura afe kwa sababu ya wepesi wa ramani yake. Nikamwambia alie haraka amalize, kazi inangoja. Moyo wangu haukuwa mgumu kama sauti yangu, lakini katika hali ile mtu akikubembeleza huinuki.

Akarudisha njia zote siku hiyo hiyo, akaondoa kitufe. Sote tukadhani mambo yamekwisha. Wiki ile ile, usiku, huko Katuba asikokujua vizuri, Chadrack aliingia na pikipiki yake, simu ikimwambia pita, pita, moja kwa moja chini ya turubai la kilio cha watu, akasimama inchi mbili tu mbele ya sufuria la bukari, ugali wetu. Wajomba wa marehemu walimvua kofia kwa mikono yao. Alirudi depo sikio limevimba.

"Sasa ramani inajua avenue zote," akaniambia, "mais haijue heshima."

Kulthumu hakucheka. Kufuta kulikuwa kosa, na kuacha kulikuwa kosa. Siku zikawa zinakwenda, na madukani madaftari na mabegi ya shule yalikuwa yameshatoka.

Mjukuu wangu alihitaji sare, nikamwambia Kulthumu anisindikize kwa baba yake, nipate bei ya ndugu. Dukani kwa Fundi Aruna kulijaa sketi za bluu na mashati meupe, na yeye mwenyewe alikuwa anagombana na mama mmoja. Huyo mama alikuwa amenunua sketi kubwa kwa binti yake, inaburuta chini, anataka ikatwe. Fundi Aruna alikuwa ameificha mikasi mgongoni.

"Nakunja," akasema. "Sikate."

"Fundi, ni sketi yangu. Kata!"

"Ni sketi yako, mais mutoto atakomea, atarefuka. Ukikata, ule mwaka mwingine utakuya kunililia hapa. Nakunja ndani, nashona na uzi ya mwepesi. Siku miguu itakuwa mirefu, unavuta uzi, kitambaa kinashuka. Iko palepale, hakuna mwenye kuiona."

"Na itakuwa nzito!"

"Nzito ya nini? Ni pindo tu, mama. Pindo haina kilo."

Wakaendelea kubishana, na nadhani hadi leo yule mama hajakubali. Nikageuka kumwambia Kulthumu jambo, nikamkuta ameinamia sketi nyingine, amelishika pindo kati ya vidole, anaufuata uzi mwepesi mpaka mwisho wake. Akaliacha. Chai aliyokuwa amemiminiwa haikuguswa.

"Mama, twende," akasema.

"Sare yangu?"

"Baba atakuletea. Twende."

Alitembea kwa kasi mpaka depo nikimfuata kwa kuhema, nikimtukana taratibu. Sasa nawaambia alichofanya, kama nilivyokielewa. Barabara inabaki, haifutwi kamwe na mwendeshaji yeyote. Kilio ni kitu kingine, kidogo, kinachoshonwa juu ya barabara kwa uzi mwepesi, chenye mwanzo wake na mwisho wake. Mwendeshaji akiona turubai, anabonyeza, na simu za wenzake zinapokea kipande hicho tu, hata hakiwamalizii mega. Siku za kilio zikiisha, kipande kinadondoka chenyewe bila mtu kugusa, na barabara iko palepale. Familia ikiongeza siku, mwendeshaji anausogeza mwisho mbele. Njia iliyokufa kweli, ya daraja lililobebwa au ukuta wa tajiri, nayo haitupwi. Inaandikiwa siku iliyoishia na kuwekwa pembeni, ili simu zisiibebe lakini kompyuta iikumbuke.

Lakini mwisho uwe lini? Hilo halikuwa ndani ya kompyuta. Kulthumu akaanza kuzunguka kwenye vilio, na mimi naye, kwa sababu mwenyeji wa vilio ni mimi. Kwa Waislamu aliwajua mwenyewe, wanazika siku ile ile na kukaa siku tatu. Kwa Wakristo nikamfundisha kuuliza swali moja tu: mnangoja nani? Kama wanamngoja kaka kutoka Mokambo, ongeza. Kama ni shangazi wa Lukafu na barabara ina mvua, ongeza tena. Aliketi na wanawake, akavua viatu, akapewa chai, na ndipo alipolijua jambo ambalo hata mimi, pamoja na magoti yangu yote, sikuwahi kulisema kwa maneno.

Mzee mmoja aliyekuwa analinda matawi ya mchikichi ndiye aliyemwambia. Kulthumu alimuuliza njia itafunguliwa lini, naye akashangaa.

"Haijafungwa, mutoto wangu," akasema. "Tulifungia wenye kupita. Mwenye kukuya, anakuya. Azime moto yake, ile pikipiki, atoshe kofia, asukume. Nani atamukataza?"

Ni kweli. Kilio hakimfukuzi mtu, kinamfukuza mwenye haraka. Kulthumu aliandika hivyo hivyo kwenye kile kipande, kitokee kwenye simu ya mwendeshaji: Kilio. Zima pikipiki, vua kofia, sukuma.

Nzanzu alikuja siku ya kufungua shule, mikono mfukoni, kama aliyekuja kuhukumu mazao. Chadrack akamwonyesha simu, kilio kimoja kikidondoka na njia ikibaki. Nzanzu akatazama muda mrefu. Akasema tutaona mvua ikinyesha, na kwa mtu wa Butembo hiyo ni pongezi. Ila kwa Avenue Masuku bado alitaka Chadrack peke yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mvua ilinyesha. Novemba, Ijumaa, Chadrack alipita Masuku alfajiri akienda kupakia, akakuta turubai. Alikuwa amefariki Mwaba, jirani wa Papa Élie wa ng'ambo ya njia, mlango kwa mlango. Akabonyeza, akaandika nyumba ipi, akaondoka. Kisha, barabara ya viwandani, gurudumu lake la mbele likaingia kwenye shimo lililojaa maji, na mguu ukavunjika. Alitupigia mwenyewe, akicheka kwa maumivu, akisema mitungi imepona. Hatukuwa na Chadrack. Tulikuwa na Merdi.

Nzanzu alinitazama. Mimi nikamtazama Kulthumu. Yeye akamkabidhi Merdi simu na kumwambia mambo mawili tu:

"Ifuate. Na soma."

Merdi aliondoka, na muda si mrefu simu yangu ikalia.

"Mama Marie-Thérèse." Sauti ya Mama Émerance ilikuwa chini sana. "Papa Mwaba alikufa. Balifunga avenue, huku na huku. Viti iko mpaka pa mulango yetu. Shi leo ni vendredi, siku ya bouteille."

"Najua, mama. Iko njiani."

"Ulisema vile ile siku."

Nilishika simu kwa mikono miwili. Upande ule nilisikia kwaya ya kilio ikiimba kwa nguvu, na ndani ya nyimbo, karibu zaidi, ile pumzi ndogo ninayoijua, na kimya chake. Nilianza kusali, na ninasema wazi kwamba sala yangu ilikuwa na matusi ndani yake. Kulthumu alikuwa mbele ya kompyuta, macho kwenye mstari mmoja mfupi uliokuwa na alama ya kilio katikati. Mstari ulikuwepo. Aliuwekea kidole kana kwamba ungekimbia.

"Sisikie pikipiki," Mama Émerance akasema. "Sisikie pikipiki hata moja, Mama. Hakuna mwenye kukuya."

Ndipo kwaya ikapungua. Sauti moja ikanyamaza, nyingine ikanyamaza, na viti vya plastiki vikaanza kukwaruza chini. Nilidhani ni ugomvi. Nilidhani Merdi ameingia chini ya turubai kama Chadrack. Kisha nikasikia mwanaume akisema, bila haraka, "Pitisha. Pitisha kwa Papa Élie," na mwingine akiitikia, "Leta huku," na mwingine, karibu zaidi, "Polepole, iko nzito."

Mama Émerance akapiga kelele. Sikuelewa neno hata moja. Simu ilianguka, nikasikia chuma kikigusa sakafu, mpira wa hewa ukifungwa kwenye mtungi, na Merdi, yule mpole, akisema samahani kwa kila mtu. Baadaye ndiyo walinieleza. Alizima pikipiki kwenye matawi, akavua kofia, akaanza kusukuma kati ya viti, kichwa chini. Hakufika mbali. Wanaume wa kilio waliinuka, wakaufungua mtungi kutoka kwenye pikipiki, wakaupitisha mkono kwa mkono juu ya viti, kutoka mwanzo wa turubai hadi kitandani, na mtoto wa kwanza wa marehemu alikuwa mmoja wao.

Nilingoja na simu sikioni. Nyimbo zilirudi, za chini. Hewa upande ule ilianza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na haikukatika. Kisha mtu akaokota simu, na haikuwa sauti ya mwanamke. Ilikuwa ya Papa Élie, ambaye kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemsikia akihema tu, hajawahi kuongea nami hata siku moja.

"Mama," akasema. Akavuta hewa. "Muambie ule mutoto wa ramani. Bado tuko."

Machozi yalinizuia, nami si mtu wa kulia kazini. Nikamsukumia Kulthumu simu. Aliipokea kwa mkono mmoja, ule mwingine bado kidole kiko kwenye mstari wa Avenue Masuku.

"Ndiyo, Papa," akasema. "Muko."